Hela ya mbao sio hela ya fundi

Kuna jumapili moja mwaka 2019 nilizima simu zote mbili nikaenda kushinda na kulala kwa dada angu Mbagala, siumwi wala hakuna sherehe, nawakimbia wateja. Nilikuwa nimechukua oda nne, wote wanne wameshatoa advansi, na karakana nzima kulikuwa na fito tatu za paini na kipande cha plaiwudi tulichokuwa tunakigeuza meza mchana wakati wa kula. Hela zao zilikuwa wapi? Ya mama wa kitanda ilimalizia kabati la baba mwenye duka. Ya baba mwenye duka ilimalizia milango ya mzee wa Kimara. Ya mzee wa Kimara ililipa kodi ya karakana miezi mitatu na nyingine ikaenda kwenye rambirambi. Ya yule wa nne kiukweli naitafuta mpaka leo.

Na sikuwa mlevi, wala sikuwa na mtu wa kumhonga. Ningekuwa nahonga angalau ningejua pa kuacha. Nilikuwa fundi seremala wa kawaida kabisa nafanya kama nilivyofundishwa Keko, kwenye karakana za samani hapa Dar, na Keko nilifundishwa hivi: mteja akija mtajie bei, chukua nusu, nusu ingine siku ya mzigo. Fundi wangu alikuwa anasema hivyo, aliyemfundisha yeye naye alikuwa anasema hivyo, na hakuna siku mtu alikaa chini akauliza hiyo nusu inanunua nini na nini inaacha.

Ngoja nikupigie hesabu ya kazi moja ya kweli, makabati ya jikoni, bei tulikubaliana 1,800,000. Bodi za MDF (zile za kiwandani), bawaba, reli za droo, vishikio, gundi, skrubu na gharama ya kukatisha bodi pale pale dukani, jumla 1,150,000. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwenda na kurudi, 60,000. Kijana wangu siku nane kwa 15,000 ni 120,000. Ukijumlisha yote ni 1,330,000, kwa hiyo mimi nabaki na 470,000 ambayo ndo nguvu yangu, macho yangu na kodi ya karakana. Sasa nusu ya 1,800,000 ni 900,000. Yaani mteja ametoa nusu, anajiona ametoa hela nyingi, na ukweli ametoa nyingi, lakini mimi nikifika dukani nimepungukiwa 250,000 kabla hata sijafungua mlango wa karakana. Hiyo 250,000 naitoa wapi? Kwa mteja anayefuata. Hapo ndo shimo linapoanza, na ukishachimba la kwanza basi kazi yako sio useremala tena, kazi yako ni kuchimba huku kuziba kule.

Watu wanasema mafundi waongo. Ni kweli, mi mwenyewe nimedanganya sana, nimesema "nipo njiani" nikiwa bado naoga, nimesema mbao zimekwama Mafinga wakati hazijawahi kuagizwa. Lakini uongo mwingi wa fundi ukiufuatilia unakuta umetokea kwenye hesabu, sio kwenye tabia. Mtu hawezi kusema "mama, hela yako nimemalizia kitanda cha mtu mwingine", kwa hiyo anasema umeme umekatika. Na hapa Dar umeme hukatika kweli, kwa hiyo uongo unapata mashahidi.

Yule mama wa kitanda ndo alinizindua. Jumatatu nilivyorudi karakana nikamkuta amekaa kwenye ile plaiwudi yetu ya chakula, ametulia tu. Hakugomba. Akaniambia, "Fundi, mimi sitaki hela, nataka unioneshe mbao zangu." Nikaanza kumweleza habari za mninga kutoka Tabora, sijui kibali, sijui msimu wa mvua. Akasema tena vile vile, "nioneshe mbao zangu, hata kama ni magogo." Sikuwa na cha kumuonesha. Yaani nimeshaitwa mwizi na watu wazima na haijaniuma kama ile.

Kile kitanda nilikimaliza kwa kukopa kwenye kikoba cha mke wangu, na riba yake nikalipa mimi. Toka hapo nikaanza kubadilisha utaratibu, kidogo kidogo, na mwanzo nilipoteza wateja kabisa, nisikudanganye.

Kitu cha kwanza, niliacha kusema nusu. Advansi ni hela ya vifaa na usafiri, hesabu ile ile niliyoipiga, sio asilimia. Kwenye yale makabati ya 1,800,000 advansi ni 1,210,000. Kwenye kazi ambayo mteja ananunua vifaa mwenyewe na mimi naleta mikono tu, advansi yangu ni ndogo sana, hela ya kijana ya siku mbili tatu za kuanzia. Kwenye kurekebisha kiti kilichovunjika mguu sichukui chochote, maana kiti kipo kwangu, na asipokuja kiti ninacho. Afu kwenye makabati kuna awamu ya pili, maboksi yakishasimama karakana mteja anakuja kuangalia au namtumia video, anatoa 350,000, ndo naita kirikuu. Inayobaki ni 240,000, na hiyo analipa siku ya kufunga nyumbani kwake.

Kwa nini nimeacha 240,000 mwisho na sio kuchukua yote? Mwenzangu mmoja alinicheka, akasema ukishaweza kuvuta milioni na laki mbili mwanzo si uvute yote. Hapana bana. Mteja naye lazima abaki na kitu cha kunishikia, la sivyo ule mlango wa kabati ambao haufungi vizuri ntauonea uvivu, najijua. Ila kiwe kiasi ambacho akinikimbia nacho nanuna tu, silali njaa. Piga mwenyewe: akinikimbia na 240,000, kijana nimeshamlipa kwenye ile 350,000, kwangu imebaki 230,000. Nimeumia lakini nipo. Kwa nusu kwa nusu, mteja akikimbia na 900,000 mimi nimetoa 430,000 mfukoni ili yeye apate makabati. Halafu watu wanauliza kwa nini mafundi wazee wa mtaani wana mikono mizuri na hawana nyumba.

Sasa tatizo. Umwambie mtu asiyekujua akupe milioni na laki mbili, fundi, kwenye mji huu! Ambapo kila mtu ana hadithi yake ya fundi aliyelamba advansi akahamia Chanika. Dada mmoja aliniangalia kama nimemwambia anisainie hati ya kiwanja. Na ana haki. Mkono mtupu haulambwi, ndio, lakini mkono wenye hela nao umeng'atwa mara nyingi.

Nilichofanya ni hiki: nikawaambia, huniamini sawa, usinipe mimi. Twende wote dukani. Au kama huna muda nakutumia orodha ya vifaa na picha ya makadirio ya duka, unalipa mwenyewe kwa lipa namba ya duka, risiti inatoka kwa jina lako, mimi nachukua mzigo tu. Ni dawa kabisa hii. Watu waliokuwa wanabana laki tatu wanatoa milioni bila kupepesa macho, kwa sababu inaenda dukani na sio kwangu.

Ila hapo ndo nikakutana na ishu ambayo mafundi hatupendi kuiongelea mbele za wateja. Cha juu. Fundi akienda dukani peke yake, bodi akauziwa bei ya fundi, kwa mteja anapeleka bei ingine, na duka linampa chake pembeni, na skrubu boksi mbili zinaandikwa tatu. Siwezi kujifanya mtakatifu, nimekula cha juu miaka mingi. Na ukichunguza, cha juu ndo kilikuwa kinalipa kazi yangu, kwa sababu kwenye ufundi wenyewe nilikuwa nataja bei ya huruma ili nisishindwe na fundi wa banda la jirani. Yaani mteja ananikaba kwenye hela ya ufundi, nashuka mpaka laki mbili, anaondoka anafurahi kwamba amenipatia, kumbe laki mbili na nusu ingine nimeichukua kwenye bawaba. Sasa mteja akishaenda dukani mwenyewe, cha juu kimekufa, na mimi nimebaki na laki mbili yangu ya huruma nimetoa macho.

Kwa hiyo ilibidi nipandishe hela ya ufundi waziwazi. Hili lilinichukua karibu mwaka mzima kulizoea, mdomo ulikuwa mzito kweli. "Dada, vifaa ni hivi utalipa dukani, ufundi wangu na kijana ni laki sita." Kimya. Wengine wanaondoka. Fundi wa jirani anawachukua kwa laki tatu na najua zingine anazitoa wapi. Lakini waliobaki wamebaki mpaka leo, na wananiletea ndugu zao, kwa sababu risiti wanazo ndani kwao. Sisemi kila fundi aache cha juu kesho asubuhi, kila mtu na watoto wake. Nasema tu ukikiacha ujue unapandisha nini mahali pake, maana ukiacha kimoja bila kupandisha kingine utarudi kule kule kwenye kuziba.

Kwenye simu nako kuna mambo. Mimi nina laini mbili, moja ya maisha na moja ya advansi tu, na ile ya advansi nimeiweka kwenye kisimu cha batani kinachokaa nyumbani, sio mfukoni. Ukiwa nayo mfukoni utanunua vocha, utamtumia mama, utamlipia mtu bodaboda, jioni unakuta bodi moja imeyeyuka. Daftari ninalo, kila mteja ukurasa wake, kushoto kilichoingia kulia kilichotoka, maana wazee walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Mke wangu ndo anakagua. Sio kwamba ni mkali, ila ule mkopo wa kikoba haujamtoka kichwani.

Afu "ya kutolea", yaani ada ya kutoa hela kwa wakala. Hii mteja asikuchanganye. Mwaka 2021 zile tozo za miamala zilipoanza mwezi wa saba nilikula hasara ya kijinga, mtu anatuma laki tano kamili, mi nikienda kwa wakala nakatwa, nikinunua vifaa vimepungua, na mteja anaona amelipa yote. Tukakubaliana toka siku hiyo, bei ninayotaja ni hela inayofika mkononi, tuma na ya kutolea au lipa moja kwa moja dukani. Na usianze kazi kwa meseji. Meseji ya muamala mtu anaitunga mwenyewe, unakuta herufi ziko sawa kabisa, mpaka kumbukumbu namba ipo. Angalia salio. Na hata salio likionesha, kama humjui mtu subiri kidogo kabla hujakatisha bodi, maana wapo wanaotuma halafu wanapiga huduma kwa wateja wanasema wamekosea namba. Bodi ikishapita kwenye mashine hairudi kuwa bodi.

Makubaliano naandika. Kitabu cha nakala cha steshenari, karatasi moja kwa mteja moja kwangu, halafu napiga picha naituma WhatsApp ili hata karatasi ikiliwa na panya ushahidi upo na tarehe yake. Sio mambo makubwa, ni vipimo, aina ya mbao au bodi, rangi, jumla, awamu, na siku ngapi. Kuna mteja wangu mwanasheria aliwahi kuniambia kwamba kwa Sheria ya Mikataba hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, shida inakuja kwenye kuthibitisha nani alisema nini. Nikamuuliza vipi nikiandika tu "advansi hairudishwi", akacheka. Akasema andika utakavyo, mkifika mbele ya hakimu atakachoangalia ni hasara uliyopata kweli, sio unachopenda kubaki nacho. Kwa hiyo mimi nimeandika hivi: ukighairi kabla sijanunua kitu nakurudishia yote nikitoa nauli yangu ya kuja kupima, ukighairi nikishanunua unapata kinachobaki pamoja na vifaa vyenyewe, njoo na kirikuu ubebe.

Kuna mzee mmoja wa Kipemba nilimtengenezea mlango, yeye hatamki advansi kabisa, anasema arbuni. Nilipenda hilo neno. Akanielezea kwamba kwenye Uislamu hiyo arbuni ya kutorudishwa mnunuzi akighairi wanazuoni wamevutana, wa madhehebu ya Hanbali wameikubali, wengi wengine wameikataa. Alinieleza kama saa nzima, chai mbili, halafu akanilipa kila kitu siku hiyo hiyo na akakataa risiti. Wateja wa aina hiyo sijawahi kuwapata kwa utaratibu, wanatokea tu kama mvua ya mwezi wa nane.

Siku ngapi. Hapa niliumia sana kabla sijajua kuandika neno moja: "kuanzia". Siku 14 kuanzia lini? Mteja anahesabu kuanzia siku tuliyoongea barazani kwake. Mi nahesabu kuanzia hela ilivyoingia NA saiti ilivyo tayari. Saiti kuwa tayari maana yake tailizi zimelala na rangi ya kwanza imepigwa. Nilishapima jiko la mtu kabla ya tailizi, nikatengeneza boksi zangu safi kabisa, nafika kufunga nakuta fundi tailizi ameongeza udongo mpaka basi, kabati la chini limekosa sentimita mbili kuingia chini ya dirisha. Nani analipa? Tulibishana hadi jirani akatoka na taulo. Nikalipa mimi. Sasa hivi sipimi vipimo vya mwisho mpaka nikanyage tailizi kwa mguu wangu.

Na bei yangu inaishi siku saba. Mwaka 2023 dola ilivyoadimika, vitu vya kutoka nje vilikuwa vinabadilika bei kila ukienda, MDF, bawaba, reli, vyote vya kuagiza. Mtu nimempa makadirio mwezi wa tatu anakuja na hela mwezi wa sita, na ile karatasi ameikunja vizuri kwenye pochi kama cheti cha ndoa. "Si uliniandikia hapa fundi?" Nilikuandikia dada angu, lakini duka halijaandikiwa. Mbao za hapa nyumbani, paini na mkongo, angalau hazikuwa zinaruka vile.

"Fundi hebu ongezea na kishelfu hapa." Wewe mwenyewe unajua. Kishelfu, halafu kidroo cha vijiko, halafu sehemu ya mtungi wa gesi, siku ya kulipa anashangaa kwa nini bei imepanda wakati ni kishelfu tu. Naweka randa chini, natoa daftari, naandika, anasaini, naendelea. Wanachukia dakika tano.

Wateja ninaowapenda kuliko wote na ambao walinipa stresi kuliko wote ni wale wa nje. Mtu yuko Muscat au Marekani anajenga Goba, anataka akija likizo akute jiko limekamilika. Hela anatuma kwa msimamizi, na msimamizi ni shemeji. Kazi moja hiyo, mwenye nyumba ametuma hela yote ya vifaa, mimi shemeji amenikabidhi pungufu ya laki nne na akaniambia "anza na hiyo fundi, ingine inakuja". Mimi kwa ujinga nikaanza. Mwenye nyumba anaona kazi haiendi, anamuuliza shemeji, shemeji anasema fundi msumbufu. Nilitukanwa kwa sauti ya WhatsApp kutoka nchi ambayo sijui hata saa yao ni ngapi. Sikusema kitu, maana nikimchoma shemeji nimevunja undugu wa watu, nisipomchoma nimeonekana mwizi mimi. Siku hizi kabla sijagusa kazi ya mtu wa nje naomba namba yake mwenyewe. Kila hela ikinifikia naandika kwa mwenye nyumba na msimamizi wote kwenye kundi moja: "Asalaam aleikum, nimepokea kiasi fulani leo, kwa ajili ya vifaa hivi." Basi. Simtaji mtu, simshtaki mtu, naandika nilichopokea. Kuna mashemeji wawili walijitoa kwenye usimamizi wenyewe baada ya meseji ya kwanza tu, wakasema wamebanwa na kazi.

Taasisi ni mchezo mwingine na mimi sio mzoefu sana. Shule moja binafsi, jina nalihifadhi, niliwatengenezea madawati 40 kwa hela yangu, maana nilivyoona barua yenye muhuri nikaamini kama mtoto. Walisema malipo siku 30 baada ya ankara. Nikaja kujua siku 30 zinaanza mhasibu akirudi likizo, na mhasibu alikuwa anaenda likizo sana. Nililipwa muhula wa pili baadaye, na ofisi ingine nilikofunga makabati wakanikata asilimia 5 ya hela ya ufundi, kodi ya zuio, wakanipa karatasi, sikuwa nimeiweka kwenye bei wala sikujua kama ipo. Ni halali, sheria ndo ilivyo, ila uliza mapema. Na kama huna mtaji wa kukaa miezi minne bila hela yako, mwenye muhuri mwambie naye atoe hela ya vifaa kama mama wa mtaani. Wengine wanakubali, hilo nilishangaa.

Kuhusu mteja aliyegoma kumalizia, ushauri wangu ni mmoja, usiende kung'oa. Nimemuona mwenzangu alienda na bisibisi kung'oa milango ya kabati ambayo hajalipwa, akaishia kituoni, mdai yeye na mtuhumiwa yeye. Mimi siku ya kufunga nafunga maboksi yote, milango ya kabati na vishikio naviacha vimeegemea ukutani, nakaa chini nakunywa maji nasema tumefika hapa bosi. Mtu akiangalia jiko lake lisilo na milango, hela huwa inapatikana. Kuna mmoja alisema mke wake hajaipenda rangi. Nikafungua simu nikamuonesha picha ya mke wake ameshika kipande cha ile rangi anacheka, tarehe ipo. Akaenda chumbani akarudi na hela.

Na kuna wa kinyume, asiyekuja kuchukua mzigo. Kitanda futi sita kimekaa karakana toka novemba, maana kila mtu anataka kitu kabla ya sikukuu, halafu januari ada za shule zinamkata miguu anapotea. Kitanda cha futi sita kinakula nafasi ya watu wawili kufanyia kazi. Nimeweka kwenye karatasi kwamba mzigo ukipita siku 30 nitauuza, nikitoa changu kinachobaki chake. Nimeshauza mara moja tu, na nilimpigia mwenyewe kwanza mara tano, na akasema afadhali umeuza fundi, hela iliyobaki nitumie kwenye namba ya mwanangu.

Sijagusia ndugu. Nilikuwa nakwepa.

Kwa ndugu yote niliyoandika hapo juu hayafanyi kazi, au mimi ndo siwezi kuyafanya yafanye kazi. Mjomba hawezi kusaini daftari. Baba mdogo ukimwambia awamu ya pili anakukumbusha nani alikulipia nauli ya kuja Dar. Nilijaribu mbinu ya kusema "huu ni utaratibu wa karakana, sio wangu", kwa binamu mmoja ilipita, kwa shangazi haikufika hata nusu, aliniuliza karakana ni ya nani. Nimejiwekea tu kwamba ndugu naye hela ya vifaa atoe, ufundi tutajuana, na ule ufundi nauhesabu kama mchango wa harusi, umetoka haurudi. Nikiweza hilo naona nimeshinda.

Jana dada angu kapiga simu, yule yule wa Mbagala niliyejificha kwake 2019. Anataka kabati la nguo, milango mitatu, kioo katikati. Nikakohoa kidogo nikaanza, dada vifaa vyake vitafika kama... Akanikata. Akasema, "Ile jumapili ulivyokuja kulala kwangu na simu umezima, nilikudai kodi?"

Bodi nimeshakatisha leo asubuhi. Kwenye daftari sijajua niandike nini upande wa kushoto.